Nyota Moja ya Ziada

Moshi ulikuwa bado unatoka.

Émilienne Wilondja alizima pikipiki yake ya Yamaha, akaiegemeza kwenye kisiki, akaingiza mkono ndani ya mfuko wa unga wa muhogo na kuichomoa bastola yake, Browning. Unga ukamwagika kwenye kitenge chake. Hakuupangusa.

Kijiji kilikuwa kando ya njia ya Lulimba. Asubuhi ile hakikuwa na jogoo wala mtu wa kukohoa. Lori alilolifuata kutoka Baraka lilikuwa limeshashusha mzigo wake na kurudi. Waliokuja kuupokea hawakuwa na subira. Walifungua makatoni, wakajaza bunduki zao risasi, wakaanza kazi palepale.

Alikuwa amechelewa.

Bibi mmoja alitoka kwenye shamba la mihogo amebeba mlango kichwani. Mlango tu. Nyumba haikuwapo tena. Émilienne alimwamkia, na bibi akampita bila kumtazama, akaenda zake na ule mlango kama mtu anayejua mahali pa kuufunga.

Katikati ya vumbi kulikuwa na katoni tupu. Aliisukuma kwa mguu, ikageuka.

Karatasi yake ilikuwa bado imebandikwa, ile ambayo watu wa Baraka wanaiita etiketi. Juu, mstari wa nyota. Chini, mstari wa nyota. Katikati kabisa, jina la shirika la msaada: MIKONO SAFI. Chini yake, upande wa kushoto, neno Sabuni. Na upande wa kulia, mwisho wa mstari, uzito: kilo 20. Kila kitu kimekaa mahali pake kama wageni wa harusi.

Kazi safi.

Akachuchumaa. Akazitazama nyota za juu, akazitazama za chini.

Mstari wa juu ulikuwa na nyota moja ya ziada.

Akakaa chini kwenye majivu. Kosa lile alilijua. Lilikuwa kosa lake mwenyewe.

Simu ikalia ndani ya kikapu cha ndagala. Alisukuma samaki wakavu pembeni, akaitoa Thuraya, ile simu ya setilaiti, akaivuta antena yake.

"Kitendawili," ilisema sauti yenye kikohozi.

"Tega."

"Ana mdomo hana meno. Akicheka mara moja, watu wanalia mwaka mzima."

"Bunduki."

"Karibu, Mukeke. Sema."

Huyo alikuwa Sangala, mkuu wake, mwenye kukaa Uvira. Katika Kitengo, kikosi chao cha majasusi, kila mtu aliitwa jina la samaki wa ziwani, na hakuna aliyejua jina ambalo mwenzake alipewa na mama yake. Émilienne alimwambia alichokikuta. Kwamba silaha za Roger, yule mfanyabiashara wa Baraka, zinapita chini ya jina la shirika la msaada. Kwamba kuna etiketi.

"Etiketi hizo ni za nani?" aliuliza Sangala.

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Ni zangu, mkubwa. Nilizitengeneza mimi, na siku ile nilifurahi hata nikanunua Fanta.

"Za mwalimu," alisema. "Mwalimu Useni."

"Basi tumempata mtu wa pili. Jumamosi Roger anapandisha mzigo mwingine, mkubwa kuliko huu. Utapita bariyeri ya chini ya mlima wa Fizi. Nisikilize, Mukeke. Lori litakuwa na bendera ya shirika, na makatoni mengi yatakuwa sabuni kweli. Wanajeshi wa bariyeri wameruhusiwa kufungua katoni moja. Moja tu. Wakifungua sabuni, wataomba msamaha na lori litapita. Nataka wajue ni ipi."

"Nitawaonyesha."

"Na huyo mwalimu, akiwa ndani ya lori, ahesabiwe pamoja nao."

Simu ikakatika.

Aliibandua etiketi polepole isichanike, akaikunja, akaiweka kifuani. Hakusema uongo. Useni ndiye aliyezichapa. Lakini mtu anaweza kusema maneno ya kweli matatu na kuacha la nne, na hilo la nne likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

*

Sasa tuelewane kwanza jinsi mambo yalivyofika hapo.

Vita vya pili vya huku kwetu vilikuwa vinaelekea kuisha. Huko mbali wakubwa walikuwa wanatia sahihi, huku Baraka watu walikuwa wanarudi na vyombo vyao kutoka ng'ambo ya ziwa. Roger alikuwa mgeni mwenye kofia nyeupe, kila akiulizwa kwao anataja nchi nyingine. Alikuwa na depo ya bidhaa karibu na soko. Vita vikiisha na biashara yake inaisha, ndiyo sababu hakutaka viishe. Mlango uliofuata depo yake ulikuwa wa Mwalimu Useni, mwana wa familia ya Kiislamu ya pwani, aliyekuwa na ordinateri mbili, yaani kompyuta, za Toshiba, mashine ya kuchapa ya Epson na jenereta lililokuwa linakohoa kuliko Sangala. Alifundisha watu wazima kuandika programu. Watu walimcheka. Nchi haina barabara, wewe unafundisha watu kusema na mashine?

Kitengo kilimtuma Émilienne ajifanye mwanafunzi, akae dirishani, atazame nani anaingia kwa Roger na nani anatoka.

Alitazama siku za kwanza. Halafu akaacha kutazama.

Hilo ndilo lililokuwa linamla. Alipenda kujifunza. Alikaa na mgongo umelielekea dirisha, na Roger akapitisha nyuma yake chochote alichotaka.

Useni alifundisha kwa vitendawili. Siku ya somo la kupanga maandishi aliandika ubaoni mistari miwili iliyosongamana, maneno yamegandana na namba, akawageukia wanafunzi.

"Kitendawili."

"Tega."

"Haonekani, hasemi, hana uzito. Akitoka tu, bantu bote banagongana."

Wakataja upepo, wakataja Mungu, mmoja akataja polisi na darasa likacheka. Useni akatikisa kichwa.

"Ni nafasi. Kile kiti chenye hakina muntu. We unaona maneno, lakini ordinateri iko kipofu, yeye anaona viti tu. Fikiri boti. Maneno bakae mbele, kwa pua ya boti, sababu iko mepesi. Namba zikae nyuma, karibu na motere, sababu ziko nzito. Vile moja inakaa chini ya moja, kumi chini ya kumi, na muntu anajumlisha bila kuumwa kichwa. Na kiti chenye hakina muntu, we kihesabu. Ukikisahau, bale ba nyuma bote banahama."

Émilienne alilishika somo lile kama mtoto anayeshika titi. Alijua kwamba mashine ukiiambia kitu ni namba, inakikalisha nyuma yenyewe. Ukiiambia kitu hichohicho ni neno, inakikalisha mbele. Alijua kuweka kichwa katikati: unatoa urefu wa maneno kwenye urefu wa mstari, kinachobaki unakikunja nusu kwa nusu kama mama anayepima kitenge. Useni alipotoa zoezi la etiketi, alilimaliza kabla ya wengine. Alikosea kitu kimoja tu, hesabu ya nyota za mstari wa juu.

Useni alicheka hata akapangusa macho. "Acha hiyo nyota, dada. Hiyo njo sahihi yako. Iko na mukiriya mwenye anatafuta kazi kama hii. Nitamupa hii yako."

Mteja alikuwa Roger.

Na mke wa Useni, Mwanahamisi, akaleta bukari, ule ugali wa muhogo, na samaki, akasema mwanafunzi hodari hali nyumbani kwake, anakula hapa. Tangu siku ile sahani ya Émilienne iliwekwa bila kuulizwa.

*

Ijumaa saa ya swala, alibisha.

Mwanahamisi alifungua mlango, mikono imejaa unga. Useni alikuwa msikitini. Émilienne aliomba amalizie zoezi. Mwanahamisi akamrushia ufunguo wa darasa bila hata kusimamisha kazi, akamwambia asiende kabla ya kula.

Émilienne alipompita, hakumtazama usoni.

Jenereta likawaka. Toshiba ikafunguka. Akachomeka disketi, akaita programu ya etiketi, na mistari yake mwenyewe ikapanda kwenye kioo. Safari hii aliisoma kama jasusi.

Useni alikuwa ameongeza vitu vyake. Kila katoni ilipimwa kwenye mizani ya depo kabla ya kupakiwa, na Eddy, kapita wa Roger, yaani msimamizi wa wapakiaji wake, alitamka uzito wa kweli kwa sauti. Ilikuwa lazima. Barabara ya kupanda Fizi ni ya kupindua malori, na kapita wa huku anaweza kukudanganya juu ya kilicho ndani ya mzigo, juu ya mwenye mzigo, juu ya jina la mama yake. Juu ya uzito hadanganyi. Anayepanda juu ya mzigo ule ni yeye. Useni aliuingiza uzito huo, mashine ikamwambia kapita aweke katoni upande gani wa lori. Halafu mashine ikachapa etiketi. Na kwenye etiketi, kwa amri ya Roger, uzito ulikuwa daima uleule.

Ishirini.

Sabuni kilo ishirini, etiketi ishirini. Chuma kilo arobaini, etiketi ishirini.

Kwa hiyo mashine ilijua. Siku zote ilikuwa inajua, hakuna aliyeiuliza.

Vidole vyake vikaenda mbio. Kama uzito wa mizani si ishirini, usiiite ishirini namba. Iite neno.

Ndivyo tu. Maandishi yaleyale, karatasi ileile, nyota zilezile. Lakini kwenye katoni za silaha ile ishirini ingetoka karibu na motere, ikaenda kukaa kwenye pua ya boti, kushoto, ubavuni mwa Sabuni.

"Uko nafanya nini?"

Eddy alikuwa mlangoni na dumu la petroli. Bastola yake ilikuwa kiunoni, mbele, ya kuonwa.

"Devoari, zoezi la mwalimu," alisema Émilienne. Hakugeuka. Chini ya meza, mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya mfuko wa unga.

Eddy akasogea, akainama, akanusa kioo kama mbuzi anayenusa sabuni. "Hii yote unaelewa?"

"Kidogo."

"Mi naona tu nyota na alama kama uzio." Akaweka dumu chini. "Patron anasema mafuta ya kesho njo hii. Umuambie mualimu asichelewe. Na we mama, tafuta bwana, utaharibika macho."

"Nitatafuta kwanza miwani, ndiyo nimuone vizuri."

Akacheka, akaondoka. Émilienne akatoa mkono kwenye unga. Ulikuwa mweupe hadi kwenye kifundo.

Aliihifadhi programu, akazima mashine, akachomoa disketi. Uani chakula kilikuwa tayari. Alikula kila tonge lililowekwa mbele yake, maana kukataa kungezua maswali. Wakati anakula alijua jambo moja waziwazi: kesho mtu mmoja tu katika Baraka nzima angeweza kuona alichokifanya. Na mtu huyo angekuwa amekaa mbele ya mashine, na Roger amesimama mgongoni kwake.

Angeweza kumwonya. Ilikuwa sentensi moja.

Lakini Kitengo hakionyi watu waliohesabiwa, na aliyemhesabisha ni yeye.

*

Jumamosi depo ilijaa jua na vumbi. Wabebaji walipanga mstari. Epson ilikuwa imeletwa juu ya meza karibu na mizani, waya wake umepita dirishani. Émilienne alikaa pembeni na mkasi, akizikata etiketi. Useni mwenyewe alikuwa ameomba mwanafunzi wake hodari amsaidie.

"Ishirini," alitamka Eddy.

Useni akabonyeza. Mashine ikalia. Etiketi ikatoka, ishirini imekaa nyuma.

"Ishirini."

Ikatoka.

"Arobaini na moja."

Useni akabonyeza. Mashine ikalia.

Vidole vya mwalimu vikasimama hewani.

Aliitazama etiketi kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kitanda kimehamishwa. Akainua macho. Hakumtazama Roger. Alimtazama Émilienne, na Émilienne akaona kila kitu kikipita katika uso ule, kimoja baada ya kingine: kwamba mkono huu ni wa nani, kwamba alama ni ya nini, kwamba katoni ile ina nini, na kwamba yeye mwenyewe, miezi yote hii, alisikia arobaini akaandika ishirini, akapewa petroli.

"Nini?" aliuliza Roger.

"Hakuna, patron. Mashine iko muzee."

Akaibandika etiketi kwenye katoni kwa mkono wake mwenyewe. Akaikandamiza kwenye pembe zote nne.

"Endelea," alimwambia Eddy.

Waliendelea hadi lori likajaa. Hakumtazama Émilienne tena. Lakini Roger alikuwa mtu wa kuishi kwa kusoma nyuso, na ule mkono uliosimama hewani aliuona. Alizunguka lori mara mbili. Akazisoma etiketi: jina lilelile, sabuni, ishirini, ishirini, ishirini. Hakupata kitu. Hakuridhika.

"Mualimu," alisema kwa upole, "panda mbele. Leo unatembea na sisi."

"Patron, bibi yangu ananingoja."

"Atangoja. Eddy atakaa karibu na we. Kama bariyeri wanafungua sabuni, utarudi kukula. Kama wanafungua kintu kingine, Eddy anajua kazi yake."

Useni akavua kofia yake ya kufuma, akaitazama, akaivaa tena. Akapanda.

*

Lori lilitoka Baraka likiwa na bendera nyeupe, na Yamaha ya Émilienne nyuma yake, ndani ya vumbi lake, taa imezimwa. Kushoto ziwa lilikuwa linawaka jua na milima ya Ubwari imelala ng'ambo. Halafu ziwa likabaki nyuma na njia ikaanza kupinda kuelekea vilima.

Redio yake ya Motorola ilikuwa imefungwa kwenye usukani kwa mpira wa tairi.

Akaishika. Kidole kikakaa juu ya kibonyezo.

Akibonyeza, Eddy anafyatua. Asipobonyeza, lori linapita, na mbele ya lori kuna vijiji vyenye milango.

Alifikiria kumdanganya Sangala. Alifikiria kulipita lori na kulisimamisha peke yake, na akajua kuwa huo ni upumbavu. Alifikiria sahani ya jana. Halafu akamwona yule bibi, akitembea na mlango kichwani, hana ukuta wa kuutia.

Akabonyeza.

"Bariyeri, Bariyeri, hapa Mukeke."

"Sema, Mukeke." Alikuwa Kapiteni Alphonse, mkuu wa bariyeri.

"Makatoni yote yanafanana. Yote yameandikwa ishirini. Usiangalie imeandikwa nini. Angalia imekaa wapi. Kama ishirini iko nyuma, mwisho wa mstari, iache. Kama iko mbele, fungua."

"Mbele ni wapi?"

"Upande wa kuanza kusoma."

"Mukeke, mi sisomake."

"Upande wa moyo wako, Kapiteni. Ishirini iko upande wa moyo, fungua hiyo."

"Aa. Hapo umesema."

"Na ndani ya kabini iko muntu wa kofia ya kufuma. Usimpige."

"Sangala alisema wote."

"Mi nasema usimpige."

Akaiachia redio, akaacha barabara, akaingiza pikipiki kwenye kijia cha wachuuzi kinachokata kona. Majani yalimchapa usoni. Injini ikalia. Akatokea juu ya bariyeri wakati lori linasimama.

Roger alikuwa ameshashuka. Kofia yake nyeupe, makaratasi yake, meno yake. Alikuwa anawagawia wanajeshi sigara. Kapiteni Alphonse, mtu mfupi mwenye tumbo, alipanda nyuma ya lori kama anayepanda kitandani. Akatembeza macho. Akaweka mkono kifuani, upande wa moyo, akatazama etiketi, akatazama mkono wake. Akachagua.

Kisu kikapasua katoni.

Sabuni.

Vipande vyeupe, vimepangwa vizuri, vinanukia. Roger akacheka. Ndani ya kabini Eddy alitabasamu, lakini bastola haikutoka kwenye mbavu za Useni.

Alphonse akabaki ameinama. Aibu ilimzuia kuinua kichwa. Redio ya begani ikakoroma kwa sauti ndogo, sauti ya Mukeke.

"Chimba," ilisema.

Akatia mkono hadi kwenye kiwiko. Mkono ukatoka na kitu cha kijani, duara, kama parachichi changa.

Hakuna parachichi lenye pini.

Halafu kila kitu kilitokea pamoja. Roger akatupa makaratasi. Eddy akageuza kichwa kutazama nyuma, kitambo cha kupepesa jicho, na Émilienne alikuwa tayari amepiga goti kwenye ukingo, Browning mikononi, unga mweupe kwenye mtutu.

Alifyatua mara moja.

Kioo cha mlango kikavunjika. Eddy akapiga yowe, bastola ikamtoka, lakini nayo ilikuwa imeshalia. Useni akaanguka nje ya kabini, kichwa kwanza, akalala.

Émilienne aliteremka mteremko ule hajui miguu ilipita wapi. Wanajeshi walimpita wakikimbia. Roger alikuwa anakimbilia bondeni, kofia yake imebaki njiani. Émilienne akapiga risasi ya pili kwenye vumbi, mbele ya ncha ya kiatu chake.

"Ya tatu haitakuwa ya vumbi," alimwambia.

Roger akasimama. Akainua mikono, akaanza kutaja nchi yake, na safari hii ilikuwa nchi mpya kabisa.

Hakumsikiliza. Alikuwa ameshageuka.

Useni alikuwa amekaa chini, amelishika sikio lake. Damu ilipita kati ya vidole. Risasi ilichukua kipande cha sikio, ikaenda zake. Wanajeshi wawili walikuwa wanamfunga kamba pamoja na Eddy na dereva.

Thuraya ikalia kiunoni mwake.

"Kitendawili."

"Leo sina nafasi ya vitendawili, mkubwa. Mzigo umekamatwa. Roger amekamatwa."

Sangala akakohoa, kikohozi cha furaha. "Kazi nzuri. Nimeambiwa ni alama ndani ya etiketi. Maandishi hayakubadilika hata herufi. Ni akili kubwa hiyo. Alama hiyo ni ya nani?"

Émilienne alitazama kamba kwenye mikono ya Useni. Ilikuwa imekazwa mno.

"Ya mwalimu," alisema.

"Mwalimu yupi?"

"Useni. Yeye ndiye aliyeiweka. Mimi nilikata karatasi tu."

Kikohozi hakikuja.

"Ulisema ni mtu wao."

"Nilikosea."

"Mukeke hakosei."

"Amekosea, mkubwa. Andika hivyo."

Alimpa Kapiteni Alphonse simu asikie mwenyewe. Alphonse alisikiliza, akaitikia, akatikisa kichwa kwa wanajeshi. Wakakata kamba.

*

Walibaki wawili kando ya lori. Émilienne alichana kipande cha kitenge chake, akataka kumfunga sikio. Useni akakichukua kipande kutoka mkononi mwake, akajifunga mwenyewe.

"Umenipa kazi yako," alisema.

"Ndiyo."

"Sikukuomba."

"Najua."

Émilienne aliitoa kifuani ile etiketi ya njia ya Lulimba, akamnyooshea. Useni hakuishika. Aliisoma ikiwa mkononi mwa Émilienne, na alipofika kwenye nyota za juu midomo yake ikahesabu polepole. Akafumba macho.

"Hii ilitoka wapi?"

Akamwambia. Akamwambia na habari ya bibi mwenye mlango. Useni aliwatazama wanajeshi hadi wakamaliza kushusha safu nzima ya makatoni, zile za moyo upande mmoja, zile za motere upande mwingine.

"Ungeniambia Ijumaa," alisema mwisho. "Ningeibandika tu. Hata kama ungeniambia, ningeibandika."

"Najua sasa."

"Sasa." Akagusa sikio. "Na mi ningejiuliza siku ya kwanza, sabuni gani inafika kilo arobaini. Patron alisema imelowa maji. Nikakubali. Sabuni." Alitaka kucheka, haikutoka. "Mwanahamisi atauliza juu ya nini hauji kukula tena. Nimuambie nini?"

Émilienne alirudisha Browning kwenye mfuko wa unga, akaukaza mdomo wake kwa kamba.

"Dada," alisema Useni. "Kitendawili."

"Tega."

Upepo wa mlimani ulipeperusha makaratasi ya Roger barabarani.

"Mi mwenyewe sijapata jibu lake," alisema. "Siku nitalipata, nitakutafuta."

Akageuka, akaanza kutembea kuteremka kuelekea Baraka, mkono kwenye sikio.

Émilienne alivaa miwani yake ya jua. Akawasha Yamaha. Kapiteni Alphonse alimpigia saluti, na wanajeshi wengine nao, wote wakimwangalia mwanamke yule mwenye unga kwenye kitenge kana kwamba hajaguswa na kitu. Akaitikia kwa kidole kimoja kwenye ukingo wa miwani.

Njia ilikuwa moja tu. Ilibidi ampite Useni. Alipomkaribia alipunguza mwendo, akaacha kati yao nafasi ya mtu mmoja, ile ambayo haionekani, haisemi, haina uzito. Hakuna aliyenyoosha mkono kuivuka.

Akaongeza gesi, akashuka kuelekea ziwani.

Etiketi ilikuwa kifuani. Nyota zote zilikuwa mahali pake, na ile moja ya ziada.